Mtoto akishapita umri wa mabawa ya malaika, kanisa linampa kazi gani siku ya Krismasi?

Mama wa Watatu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na ndugu zangu msio wa imani hii, salamu zenu pia.

Mazoezi ya igizo la Krismasi yameanza usharikani kwetu. Sisi ni KKKT, Walutheri, huku Kilimanjaro, na kwetu igizo huchezwa jioni ya mkesha, kanisa likiwa limejaa wa hapa na waliopanda kutoka Dar. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mazoezi yaanze. Nimeona nilete humu kwa sababu wazazi mpo, walimu wa Shule ya Jumapili mpo, na wachungaji husoma hata wasipochangia. Ni refu, mnivumilie.

Nina watoto watatu, na wote wamepitia igizo hilo kwa ngazi ile ile anayoijua kila mzazi. Mtoto akishaacha kumlilia mama kanisani anakuwa kondoo. Anafungwa kitambaa cheupe, anapigishwa magoti pembeni ya hori, na kazi yake yote ni kutulia hapo. Akiingia chekechea anapata mabawa: manila juu ya kadibodi, lastiki mbili za kupitisha mabegani, na utepe wa dhahabu wa kuzungushia kichwani. Akijua kusoma anapewa maneno. Malaika mkubwa ndiye mwenye yale matamu, "Msiogope, kwa kuwa mimi ninawaletea habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote," na nyumba nzima inaukariri mstari huo pamoja naye, hadi dada wa kazi anaujua. Baadaye anakuwa mchungaji mwenye shuka la Kimasai na fimbo ya babu. Halafu majusi. Wavulana wenye sauti wanagombania Herode. Na juu kabisa Mariamu na Yusufu, nafasi mbili ambazo kila mama anamwazia mwanawe, na hakuna anayesema.

Baada ya hapo hakuna kitu.

Binti yangu wa kati amemaliza darasa la saba. Mwaka jana alikuwa majusi mbeba uvumba. Mwaka huu orodha ilipobandikwa, jina lake halimo, na hakuna aliyekosea: ameanza mafundisho ya kipaimara, na kwetu anayeanza kipaimara anahesabiwa ametoka Shule ya Jumapili. Lakini umoja wa vijana nao haujampokea, unamngoja abarikiwe kwanza, yaani amalize kipaimara. Kwa hiyo siku ambayo kanisa zima lina shughuli, siku ambayo hata mtoto wa miaka mitatu ana kazi, yeye kazi yake ni kukaa benchini.

Hakulalamika. Ila jioni mdogo wake anapofanya mazoezi sebuleni, yeye yuko jikoni, na mdogo akisahau neno, jibu linatokea jikoni. Anajua maneno ya wote: ya Gabrieli, ya Elisabeti, ya Herode, ya mwenye nyumba ya wageni. Ameyasikia tangu akiwa kondoo. Anayelijua igizo kuliko wote usharikani ndiye tuliyemwambia kwamba amekua, akae pembeni.

Linaniuma kwa sababu ya umri wenyewe. Tazameni kalenda ya nchi yetu. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Kidato cha kwanza ni Januari, na wengi wanakwenda bweni. Hapo katikati mtoto yuko nyumbani, shule moja imeisha na nyingine haijaanza, hata kama asubuhi anahudhuria masomo ya maandalizi. Ndiyo Krismasi ya mwisho ambayo yuko mikononi mwetu siku zote za juma. Januari unamfungia tranka, godoro, ndoo na fagio, unamkabidhi kwa matroni, na kumwona tena ni likizo. Krismasi ijayo atakuja na kimo kingine, na mambo mengi anayoyajua hukumfundisha wewe. Sasa sisi tumechagua mwezi huo huo kumwonyesha kwamba kanisani hana kazi.

Kaka yake mkubwa alipitia hapo hapo. Alikuwa Herode, na wazee wa kanisa wanamtania kwa jina hilo mpaka leo. Mwaka uliofuata hakuwa na nafasi, akatafuta pa kukaa jioni ya igizo, akapapata: nje, kwenye ngazi za mlango wa pembeni, pamoja na wenzake waliokuwa mamajusi na wachungaji. Niliwaona. Walikuwa wanachungulia ndani. Watoto waliolikataa kanisa hawachungulii. Wangu alikuja kurudi kwa njia ya kwaya ya vijana, namshukuru Mungu. Baadhi ya wenzake hawakurudi. Kwenye vikao tunapoulizana vijana wetu wanapotelea wapi, mimi picha inayonijia ni ya zile ngazi.

Najua kuna watakaosema igizo ni la watoto wadogo. Lakini lile ambalo wengi hulihesabu kuwa chimbuko la desturi hii halikuwa lao. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi aliomba aandaliwe hori yenye nyasi, na ng'ombe na punda wa kweli. Wanakijiji wakaja usiku na mishumaa na mienge, na yeye, akiwa shemasi, akaimba Injili. Alitaka watu wazima waone kwa macho yao umaskini wa ule usiku wa Bethlehemu.

Na Biblia yenyewe haibani nafasi. Luka hamtaji mwenye nyumba ya wageni hata kidogo, anasema tu "hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni". Sisi ndio tuliomweka mlangoni na kumpa maneno. Punda wa Mariamu naye hayumo. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu, anataja zawadi tatu, na yapo mapokeo ya makanisa ya Kisiria yanayosema walikuwa 12. Kama tuliweza kumwongeza punda, mtoto wa miaka 13 anatushinda nini?

Halafu kuna sehemu ambayo sijawahi kuiona ikiigizwa kwetu, nayo imo katika sura ile ile. Igizo letu linasimama Luka 2:20, wachungaji wanarudi wakimtukuza Mungu, pambio linaanza, sadaka. Ukiendelea kusoma mpaka aya ya 42, yule mtoto wa horini ana miaka 12. Wazazi wamemaliza sikukuu Yerusalemu, wamesafiri siku nzima wakidhani yumo msafarani pamoja na jamaa, kumbe hayumo. Baada ya siku tatu wanamkuta hekaluni, ameketi katikati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Mama yake anamwambia, "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Naye anajibu, "Kwani kunitafuta?" Luka anaandika wazi kwamba wazazi wake hawakuelewa. Kisha mtoto anashuka nao Nazareti, anawatii, "na mamaye akayaweka hayo yote moyoni mwake."

Mariamu anaweka moyoni mara mbili katika sura hiyo. Mara ya kwanza ni usiku wa wachungaji, aya ya 19, na hiyo tunaihubiri kila mwaka. Mara ya pili mtoto ameanza kuwa na mambo yake ambayo mama hayafikii. Mimi Desemba hii niko kwenye hiyo ya pili, na sijasikia mtu akiisema madhabahuni wakati wa Krismasi.

Pendekezo langu basi: wanafunzi wa kipaimara wapewe onyesho la hekaluni, liwe la mwisho, baada ya wachungaji. Wenyewe wako darasani wakiuliza maswali kila juma. Na wasiopenda kusimama mbele wapewe kazi za nyuma. Kwenu mnafanyaje?

Mwalimu wa Jumapili

Asante sana mama. Mimi nafundisha Shule ya Jumapili huku Arusha, naomba niseme upande wetu.

Orodha tunaipanga Novemba kwa watoto tulio nao. Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu wanateremka wajukuu kutoka Dar, Dodoma, Mwanza. Bibi anaingia mazoezini na wajukuu wanne kawashika mikono, amewasubiri mwaka mzima, anataka kuwaona mbele ya kanisa. Huyo bibi humkatalii, na mimi sitaki kumkatalia. Wote wanaingia jeshi la mbinguni bila zoezi hata moja. Wakati huohuo nafasi zenye maneno ni chache, na nikimrudisha wa kipaimara kuwa Mariamu, wa darasa la tano atangoja mpaka naye apitwe. Ndiyo maana wakubwa hutoka. Si dharau.

Ila umenigusa mahali. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, pale karibu na tarehe 29 Septemba, ibada tunawaachia watoto. Wanasoma masomo, wanaongoza liturgia, wanakusanya sadaka, kuna hata anayetoa neno, na wanaobeba siku ile ni hao hao wakubwa. Miezi mitatu baadaye tunawaweka benchini. Sikuwahi kuziweka siku hizo mbili pamoja kichwani mwangu.

Na kazi ninayoihitaji kuliko zote haionekani mbele. Ni nyuma ya pazia: mtu wa kuwapanga wale wajukuu, kumfunga huyu lastiki, kumpeleka yule chooni kabla hajaitwa, kumnong'onezea Yusufu neno linalofuata. Mimi ni mmoja. Nikipata wanne wa kipaimara wanaolijua igizo, mkesha wangu utakuwa mwingine kabisa.

Msema Kweli

Naomba kutofautiana kwa heshima. Kwetu mjini igizo limegeuka mashindano. Mavazi ya kukodi, michango kwa wazazi, na siku yenyewe simu zimenyanyuliwa mbele mpaka walioko nyuma hawaoni chochote. Mtoto anabaki anakumbuka gauni. Kuliko kuongeza onyesho na waigizaji, ningetaka muda huo utumike kuwakaririsha watoto Neno. Anayekwenda bweni anahitaji Neno moyoni.

Mama wa Watatu

Msema Kweli, kuhusu mavazi na michango niko na wewe moja kwa moja. Mzazi asiye na kitu asije akamficha mwanawe nyumbani mkesha wa Krismasi kwa ajili ya mchango wa gauni. Kwetu Mariamu anavaa khanga ya mama yake, ndevu ni pamba, na hori ni boksi la kupakia parachichi lenye majani makavu ya migomba. Simu nazo, mchungaji alishaliamua: anarekodi mtu mmoja, anawatumia wote kwenye kundi la usharika.

Ila kwa hilo la Neno, naona igizo ndilo linalolipeleka moyoni. Maneno ya igizo letu ni Luka na Mathayo karibu neno kwa neno, mwalimu haongezi mengi. Binti yangu ana sura nzima za Injili kichwani na hajui kama amekariri Biblia, anaona anajua igizo tu. Akiwa bweni, taa zimezimwa, ana hofu ya mtihani au ya wakubwa wa bweni, lile "Msiogope" litamjia kwa sauti ya mdogo wake. Mimi sijui njia nyingine ya kukaririsha inayokaa hivyo.

Kijana wa Marangu

Shikamoo mama. Mimi ni mmoja wa wale wa kwenye ngazi, japo si za kanisa lenu.

Naomba mjue kitu kimoja. Nilipokuwa na miaka 13 sauti yangu ilikuwa inakatika, nimerefuka ghafla, suruali zote fupi. Mngeniambia nisimame mbele ya watu niseme maneno, nisingekuja kabisa, hata kanisani nisingekanyaga siku hiyo. Nilichotaka ilikuwa ile mikrofoni. Nilimwangalia fundi mitambo wa kanisa kila Jumapili, na nilijua ni spika ipi inakoroma. Hakuna aliyeniuliza. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuniona nikizungusha nyaya kwenye harusi ya jirani, akanipeleka kwa fundi. Siku hizi mitambo ya usharika naiendesha mimi.

Kwa hiyo naunga mkono, ila waulizwe wenyewe. Mmoja atataka taa ya nyota, mwingine kuchora pazia la Bethlehemu, mwingine kupiga kinanda. Na wapo wasiotaka chochote mwaka huu, hao waachwe, ila waambiwe nafasi ipo.

Msomaji wa Tanga

Assalaam alaykum, na amani kwenu nyote. Mimi ni Muislamu, nimeusoma uzi wote kwa sababu nimewaona watoto wangu humo.

Kwetu ni Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Watoto wa madrasa wanaghani qaswida, wanatembea kwenye zafa na bendera. Wadogo wanaanza kwa kushika bendera ndogo na kuitikia kibwagizo. Tofauti na mlivyoeleza, wakubwa hawaondoki. Wanahamia kwenye dufu, wanasimama pembeni ya mistari kuwaongoza wadogo, na wenye sauti wanapewa kusoma. Ustadhi akiwa mgonjwa, yule kijana wa miaka 14 ndiye anayeendesha mazoezi. Yaani kukua kwake kunaonekana kwa kazi anayopewa, na sisi wazazi tunakaa pale tunaona. Kama hilo linawafaa, lichukueni.

Baba wa Bweni

Mama wa Watatu umeniliza ofisini. Wangu wa kwanza yuko kidato cha pili, bweni. Mwaka alioondoka sikujua kwamba ile Desemba ilikuwa na uzito huo, ilipita kama nyingine. Amerudi likizo juzi, nikamnyooshea mkono kumshusha kwenye basi kwa mazoea, naye akashuka na begi lake na la bibi aliyekaa naye kiti kimoja. Nilifurahi na moyo ukauma pamoja.

Mama wa Watatu

Baba wa Bweni, pole, na hongera kwa kijana wa namna hiyo. Bibi yule atamwombea.

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na jibu. Niliwasomea majibu yenu mwalimu wetu na mwenyekiti wa kamati ya watoto. Mwalimu alipofika pale pa mwalimu mwenzake wa Arusha, bibi na wajukuu wanne, aliniambia hata kwetu mistari hiyo ni ya kweli tupu. Tumekubaliana hivi. Wanafunzi wa kipaimara wataitwa na kuulizwa mmoja mmoja anataka nini, kama alivyosema Kijana wa Marangu, bila kupangiwa. Jeshi la mbinguni, wenyeji na wajukuu wageni, litakuwa chini ya wakubwa, mmoja kwa kila kundi dogo. Mavazi hayaongezwi hata moja.

Binti yangu ameomba nyuma ya pazia. Nilidhani atataka mbele, na nilikuwa nimeshamtengea khanga. Nimeirudisha sandukuni.

Onyesho la hekaluni limekubaliwa pia, fupi, baada ya wachungaji. Walimu wa hekalu watakuwa wazee wa kanisa wenyewe, watu wazima, wamevaa joho za kwaya. Luka haandiki maswali aliyouliza Yesu, kwa hiyo mchungaji ameamua wanafunzi wa kipaimara watunge ya kwao, yale wanayotaka kweli kujibiwa, na mvulana atakayemwigiza Yesu ayaulize mbele ya usharika. Wazee hawatapewa majibu ya kukariri, watajibu walivyojaliwa.

Maswali yameanza kuletwa kwenye karatasi. La binti yangu nililiona mezani, amelifuta na kuliandika upya: kama malaika alikuja kumwonya Yusufu kwamba Herode anamtafuta mtoto, kwa nini hakwenda pia kwa baba wengine wa Bethlehemu? Mchungaji amelisoma, amesema liulizwe hivyo hivyo lilivyo. Wazee wetu wameshaanza kuulizana wao kwa wao watasema nini. Wachungaji na wainjilisti mnaosoma humu kimya kimya, ninyi mngemjibuje?